Farasi wa Hunt: kiti kimoja cha Seneti, watu watatu, mwaka 1954

Gari lenye namba ya Wyoming, Marekani, utalijua kwa mbali. Pembeni mwa tarakimu kuna mchoro wa farasi mkaidi, kichwa chini na mgongo juu, na mtu aliyempanda aking'ang'ania asiangushwe. Mchoro huo uliingia kwenye namba za magari mwaka 1936. Aliyeuleta ni Katibu wa Jimbo wa wakati huo, Lester Hunt, daktari wa meno wa mji mdogo wa Lander ambaye Wyoming ilimjua kwanza kama mcheza besiboli.

Hunt baadaye akawa gavana, kisha seneta. Jumamosi ya tarehe 19 Juni 1954 alijiua kwa risasi ofisini kwake, ndani ya jengo la Seneti huko Washington. Miezi minne na nusu baadaye watu wa Wyoming walipiga kura kumpata wa kukaa mahali pake. Aliyeshinda alishinda kwa kura 3,400 hivi, na kura hizo zikawa zimeamua chama gani kiongoze Seneti nzima ya Marekani.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Jimbo lenye watu wachache namna ile liliamuaje mambo ya nchi nzima? Na kwa nini kiti kimoja kilikaliwa na watu watatu ndani ya mwaka mmoja? Kisa hiki husimuliwa zaidi kama kisa cha unyama wa siasa, na unyama kweli umo. Lakini ukikisimulia hivyo tu hutaelewa kwa nini watu wazima wenye vyeo waliona inafaa kumwandama baba kwa kosa la mwanawe. Inabidi kuanza na hesabu.

Hesabu ya viti

Bunge la Marekani lina mabaraza mawili. Katika Baraza la Wawakilishi viti hugawanywa kwa wingi wa watu. Katika Seneti kila jimbo lina viti viwili, liwe kubwa au dogo. Mwaka 1954 majimbo yalikuwa 48, hivyo maseneta walikuwa 96. Sensa ya 1950 ilihesabu watu 290,529 Wyoming, ilhali New York walikuwa karibu milioni 15. Kwenye Seneti wote walikuwa na kura mbili mbili. Msomaji wa Kenya hana shida kulielewa hili: Lamu ina seneta mmoja wa kuchaguliwa, na Nairobi, yenye watu zaidi ya mara thelathini ya Lamu, nayo ina mmoja.

Naiita Wyoming jimbo dogo, lakini kwa ardhi si dogo hata kidogo. Linaizidi Uganda kwa eneo. Udogo wake ni wa watu. Ni nyanda kavu, milima, mashamba makubwa ya ng'ombe na kondoo, visima vya mafuta, na reli ya Union Pacific inayokatiza kusini. Watu walikuwa wachache kiasi kwamba jimbo zima lilipeleka mjumbe mmoja tu kwenye Baraza la Wawakilishi. Maseneta wawili, mwakilishi mmoja.

Sasa tuingie ndani ya Seneti yenyewe. Dwight Eisenhower alipoingia Ikulu Januari 1953, chama chake cha Republican kilikuwa na maseneta 48, Democratic 47, na mmoja, Wayne Morse wa Oregon, alikuwa ameihama Republican na kukaa kama mtu huru. Wingi ule ulikuwa mwembamba kama uzi. Kisha vifo vikaanza. Katika miaka miwili ya Bunge lile walikufa maseneta tisa, idadi ambayo sijui niiite nini zaidi ya mkosi.

Kifo kilichogeuza hesabu kilikuwa cha Robert Taft wa Ohio, kiongozi wa Warepublikan katika Seneti, mwishoni mwa Julai 1953. Katiba, tangu marekebisho ya mwaka 1913 yaliyowapa wananchi haki ya kuchagua maseneta moja kwa moja, inaruhusu gavana kumteua mtu wa muda kiti kikiachwa wazi, mpaka uchaguzi ufanyike. Gavana wa Ohio alikuwa Mdemokrat. Akamteua Mdemokrat mwenzake.

Kwa hiyo Warepublikan wakabaki 47, Wademokrat wakawa 48, na Morse wake mmoja. Waliokuwa wachache ndio wakaendelea kuongoza. Sababu ni mbili. Morse alishikilia kwamba wapiga kura wa 1952 walikuwa wameipa Republican uongozi, naye katika suala la nani aongoze Seneti angewaunga mkono. Hiyo ilifanya 48 kwa 48. Na kura zikilingana, anayeamua ni Makamu wa Rais, ambaye wakati huo alikuwa Richard Nixon, Mrepublikan. William Knowland, aliyerithi uongozi wa Taft, alikuwa akilalamika kwamba ni kiongozi wa walio wengi asiye na wengi. Lyndon Johnson, kiongozi wa Wademokrat, alimjibu kwamba shida yake yeye ni kubwa zaidi, kwani ni kiongozi wa walio wachache mwenye wengi.

Nakiri kwamba mara ya kwanza nilipoisoma hesabu hii ilinibidi nichore mistari nyuma ya bahasha. Ukishaichora unaona jambo moja kwa uwazi: kiti chochote kile, cha jimbo lolote lile, kikihama upande mmoja kwenda mwingine, kila kitu kinahama nacho. Wenyeviti wa kamati zote, ratiba ya miswada, majaji na mabalozi wanaosubiri kuthibitishwa, hata nani anamhoji nani kwenye kamati za uchunguzi. Na mwaka 1954 mmoja wa Wademokrat ambao muda wao ulikuwa unakwisha alikuwa Lester Hunt wa Wyoming.

Katibu anapokuwa gavana

Kabla ya kumfikia Hunt kuna fundo jingine la kufungua, nalo ni la Wyoming peke yake. Jimbo hili halina naibu gavana. Gavana akiondoka, kwa kufa au kwa kupanda cheo, anayeshika nafasi ni Katibu wa Jimbo.

Mwaka 1952 gavana wa Wyoming alikuwa Frank Barrett, Mrepublikan. Aligombea Seneti dhidi ya mzee aliyekuwa amekaa huko karibu miaka 19, Mdemokrat Joseph O'Mahoney, akamshinda kwa wembamba katika mwaka ambao Eisenhower alizoa zaidi ya asilimia 60 ya kura za jimbo hilo. Barrett alipokwenda Washington Januari 1953, Katibu wa Jimbo, C. J. Rogers, Mrepublikan, akawa kaimu gavana.

Maana yake ni hii. Kama kiti cha Hunt kingebaki wazi wakati wowote kabla ya Januari 1955, wa kukijaza alikuwa Rogers. Na Rogers asingemteua Mdemokrat.

Shikilia hapo.

Kosa la mtoto

Hunt hakuwa mtu wa makelele. Alichaguliwa Katibu wa Jimbo mara mbili, gavana mara mbili, na mwaka 1948 akamwangusha seneta wa Republican aliyekuwa madarakani, Edward Robertson, kwa takriban asilimia 57. Katika jimbo lililokuwa likielekea Republican, Mdemokrat ambaye hajawahi kushindwa kwenye kura za jimbo zima alikuwa mali adimu. Huko Seneti aligongana na Joseph McCarthy, seneta wa Wisconsin aliyejijengea jina kwa kuwatuhumu watu ukomunisti. Hunt alichukizwa hasa na kinga ya wabunge: McCarthy angeweza kumchafua mtu yeyote ndani ya ukumbi wa Seneti na mtu yule asiweze kumpeleka mahakamani. Hunt alipendekeza sheria ya kuwapa watu kama hao njia ya kudai haki yao. Haikupita, lakini uadui ulibaki.

Juni 1953 mwanawe mtu mzima, aliyekuwa akisomea uchungaji, alikamatwa usiku katika bustani ya Lafayette, mkabala na Ikulu, kwa madai ya kumtongoza askari wa kiume aliyevaa kiraia. Ili kuelewa uzito wake lazima ukumbuke ulikuwa mwaka gani. Miezi miwili tu kabla, Aprili 1953, Eisenhower alikuwa ametia saini Amri ya Rais namba 10450, iliyofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa sababu ya kumfukuza mtu kazi serikalini. Polisi wa Washington walikuwa na kikosi cha kuvizia bustani na vyoo vya umma. Waliofukuzwa kazi kwa tuhuma za aina hii walikuwa wengi, na katika midomo ya wanasiasa wa wakati ule "shoga" na "mkomunisti" yalikuwa maneno yanayotembea pamoja.

Kwa mtuhumiwa wa mara ya kwanza, kesi kama hizo mara nyingi ziliishia kimya kimya. Hii nayo ilikuwa inaelekea huko, waendesha mashtaka wakiwa wameiweka kando. Kisha ikafufuka. Kwa simulizi ambayo Hunt mwenyewe aliwapa marafiki na mwandishi wa safu Drew Pearson, maseneta wawili wa Republican, Styles Bridges wa New Hampshire na Herman Welker wa Idaho, walikuwa wamefikisha ujumbe: Hunt akijiondoa kwenye siasa, kesi itakufa, asipojiondoa, mtoto atafikishwa mahakamani. Hunt alikataa. Kesi ikasikilizwa Oktoba 1953, mwanawe akatiwa hatiani na kutozwa faini ya dola 100.

Dola mia. Ungedhani mambo yangeishia hapo, kwani adhabu ilishatolewa na siri haikuwa siri tena mbele ya mahakama. Lakini Wyoming ilikuwa mbali, na huko habari haikuvuma. Silaha ilikuwa bado ina risasi: vipeperushi kwenye masanduku ya barua ya wapiga kura wakati wa kampeni.

Hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa vitisho hivyo, na wanaotajwa hawakuvikubali. Tulicho nacho ni maneno ya Hunt kwa watu aliowaamini, na mwendo wa kesi yenyewe, ambao ni mgumu kuueleza kwa njia nyingine. Mimi nayaamini maneno yake. Na hesabu ya viti inanisaidia kuyaamini, maana Bridges hakuwa mtu wa pembeni. Alikuwa Rais wa muda wa Seneti na mwenyekiti wa kamati ya matumizi ya fedha za serikali, vyeo viwili ambavyo angevipoteza siku ile ile Wademokrat wangechukua uongozi. Kwake yeye kiti cha Wyoming kilikuwa kiti chake mwenyewe.

Sasa rudi kwenye lile la kaimu gavana. Kumwondoa Hunt kulikuwa na faida za aina mbili, na watu huzichanganya. Asipogombea Novemba, Wademokrat wanampoteza mgombea wao mwenye nguvu kuliko wote, na kiti kinakuwa cha kugombewa na yeyote. Akiondoka mara moja, Rogers anateua Mrepublikan siku hiyo hiyo, na ule wingi wa vichekesho wa Knowland unakuwa wingi wa kweli.

Juni ile

Aprili 1954 Hunt alitangaza kwamba atagombea. Tarehe 8 Juni akaandika kwamba hatagombea tena kamwe, akitoa sababu ya afya. Figo zilikuwa zikimsumbua na alikuwa amelazwa. Siku moja baadaye, kwenye kikao cha Seneti kuhusu mvutano wa McCarthy na jeshi, kilichorushwa moja kwa moja na televisheni, wakili wa jeshi Joseph Welch alimuuliza McCarthy kama hana hata chembe ya utu, na nchi nzima ikaanza kumwona McCarthy kwa jicho jingine. Vikao vile vilimalizika tarehe 17 Juni. Siku mbili baadaye Hunt alikufa. Alikuwa na miaka 61.

Mara nyingi nimeona tarehe hizi zikipangwa pamoja kana kwamba zinasema kitu zenyewe. Hazisemi. Kwa nchi, upepo ulikuwa unageuka. Kwa mtu mmoja ofisini kwake, haukuwa umegeuka. Kwanza ilisemwa alikuwa mgonjwa. Siku chache baadaye Pearson akaandika kilichokuwa nyuma yake, na Wyoming ikaanza kuongea kwa sauti ya chini, kama watu wanavyoongea kwenye msiba wenye aibu ambayo si ya marehemu.

Tarehe 24 Juni kaimu gavana Rogers akamteua Edward Crippa, mfanyabiashara wa Rock Springs na mtu wa chama cha Republican. Hesabu ikawa Warepublikan 48, Wademokrat 47, Morse mmoja. Kile ambacho vitisho havikukipata Hunt akiwa hai kilipatikana siku tano baada ya kifo chake. Crippa alikaa miezi mitano na kuondoka, na hakuna haja ya kumwelezea zaidi ya hapo; hakugombea.

Mzee na mjukuu wa marais

Wademokrat wa Wyoming walimrudia mzee waliyemjua. O'Mahoney, mwenye asili ya Ireland, mzaliwa wa Massachusetts, alikuja magharibi akiwa mwandishi wa gazeti na baadaye akawa wakili. Seneti aliingia mara ya kwanza kwa kuteuliwa mwishoni mwa 1933, baada ya seneta aliyetangulia kufariki. Nadhani unaanza kuona jinsi kifo na uteuzi vilivyo desturi ya viti hivi. Alikuwa mtu wa Rais Franklin Roosevelt katika mengi, lakini mwaka 1937 alimpinga Roosevelt waziwazi alipotaka kuongeza majaji wa Mahakama Kuu ili apate maamuzi anayoyataka. Wafugaji wa Wyoming, ambao hawakupenda serikali yenye mkono mrefu, walilikumbuka hilo.

Warepublikan walimsimamisha William Henry Harrison, mjumbe pekee wa Wyoming kwenye Baraza la Wawakilishi. Jina lilitosha kuwa bango. Babu yake, Benjamin Harrison, alikuwa Rais wa 23, na babu wa huyo Benjamin, mwenye jina lile lile la mgombea, alikuwa Rais wa 9. Kwa kuwa Wyoming ilikuwa na mwakilishi mmoja, Harrison alikuwa ameshachaguliwa mara mbili na jimbo zima; hakuhitaji kujitambulisha.

Kura zenyewe zilikuwa mbili kwa kiti kimoja. Muda wa Hunt ulikuwa unakwisha Januari 1955, kwa hiyo siku ile ile ya tarehe 2 Novemba watu walichagua mtu wa kumalizia wiki chache zilizobaki, na mtu wa kukaa miaka sita ijayo. Leo inaonekana kama urasimu tu. Ila zile wiki chache zilikuwa na uzito, na nitasema kwa nini.

Kampeni ilikuwa ya matope. Baada ya kushindwa mwaka 1952, O'Mahoney alikuwa amefungua ofisi ya uwakili Washington, na wateja wawili walimrudia kama deni. Mmoja alikuwa Owen Lattimore, msomi wa mambo ya Asia ambaye McCarthy alikuwa amemtangaza jasusi mkuu wa Urusi. O'Mahoney alikuwa mmoja wa mawakili wake. Mwingine ilikuwa biashara ya sukari ya Kuba, ambayo kwa sheria ilimlazimu kujiandikisha kama wakala wa watu wa nje. Wapinzani hawakuhitaji kubuni kitu. Waliandika tu "wakala wa nje" kwa herufi kubwa na kuliacha neno lifanye kazi yake.

Sukari ya Kuba ilikuwa shambulio la akili kuliko linavyoonekana. Wyoming haina miwa, bali hulima kiazi kinachokamuliwa sukari, kwenye mabonde yenye umwagiliaji kama la mto Bighorn na la North Platte. Miji kadhaa ilikuwa na kiwanda kimoja kikubwa, nacho ni cha sukari. Kwa mkulima wa huko, kila tani inayoingia kutoka Kuba ilikuwa tani inayoshindana na jasho lake. Kumwambia kwamba seneta wake wa zamani alilipwa na Wakuba ni kumgusa mfukoni na kwenye uzalendo kwa kidole kimoja.

Lakini kulikuwa na Wyoming nyingine, ile ya reli. Kutoka Cheyenne kwenda Laramie, Rawlins, Rock Springs hadi Evanston ulikuwa ukanda wa mafundi wa treni na wachimba makaa ya mawe, wenye vyama vya wafanyakazi, wengi wakiwa wajukuu wa wahamiaji kutoka kila pembe ya Ulaya. Hao walikuwa Wademokrat kwa kurithi. Na mwaka ule walikuwa na hofu ya kweli, kwani Union Pacific ilikuwa inabadili injini za mvuke kwa za dizeli, na injini ya dizeli haili makaa. Migodi ya Rock Springs ilikuwa inafungwa. Mtu ambaye mgodi wake unafungwa hashtushwi sana na habari za Lattimore, profesa wa mambo ya Mongolia.

Na Hunt? Kwenye majukwaa jina lake halikuwa hoja. Wademokrat hawakutaka kumfukua, Warepublikan walitaka asahauliwe. Ni mara chache uchaguzi unafanyika kwa sababu ya mtu ambaye hakuna anayethubutu kueleza amekwendaje.

Kura 3,400

O'Mahoney alipata takriban asilimia 51.5, Harrison 48.5. Zilikuwa kura zaidi kidogo ya laki moja na elfu kumi kwa jumla, na tofauti ya kama 3,400. Alishinda zote mbili, ya wiki chache na ya miaka sita. Siku tatu baadaye alitimiza miaka 70.

Usidhani Wyoming iligeuka kuwa ya Democratic. Siku hiyo hiyo wapiga kura wale wale walimchagua Mrepublikan Milward Simpson kuwa gavana, na Mrepublikan mwingine, Keith Thomson, kwenye kiti alichoacha Harrison. Kuna watu elfu kadhaa waliotia alama kwa Republican juu na kwa O'Mahoney chini, au kinyume chake. Je, walimpigia O'Mahoney kwa sababu ya makaa, ya umwagiliaji, ya mazoea, au ya Hunt? Karatasi ya kura haiandikwi sababu. Ninachoweza kusema ni kwamba jina la Lattimore halikutosha kumwangusha, na miaka miwili nyuma pengine lingetosha.

Kitaifa, hesabu ikatoka hivi: Wademokrat 48, Warepublikan 47, Morse mmoja. Safari hii Morse alikwenda na Wademokrat, na muda mfupi baadaye akajiunga nao kabisa. Sasa mwondoe O'Mahoney, mweke Harrison. Warepublikan 48, Wademokrat 47, ukimwongeza Morse 48. Sare, na Nixon anaivunja. Seneti inabaki ya Republican.

Uaminifu unanidai niseme kwamba Wyoming haikuwa peke yake. Oregon, kwa mfano, Mdemokrat Richard Neuberger alishinda kwa kura pungufu ya 2,500, na bila yeye hesabu ingevunjika vile vile. Katika wingi wa kiti kimoja kila mshindi anaweza kudai kwamba yeye ndiye aliyeleta ushindi, na wote wanasema kweli. Tofauti ya Wyoming ni kwamba kuna watu waliokuwa wameifanya hesabu hiyo mapema, wakajua hasa ni mlango upi wa kubisha.

Matokeo yalionekana haraka. Januari 1955 Lyndon Johnson akawa kiongozi wa walio wengi, cheo alichokitumia kwa namna ambayo Seneti haikuwa imeiona, na kilichomfikisha kwenye umakamu wa rais na hatimaye Ikulu. Bridges akapoteza vyeo vyake vyote viwili. McCarthy akapoteza uenyekiti wa kamati ndogo ya uchunguzi, ule mnara aliosimama juu yake kuwatisha watu; ukaenda kwa John McClellan wa Arkansas.

Na zile wiki chache? Muda wa Crippa ulikoma tarehe 28 Novemba 1954, wa O'Mahoney ukaanza kesho yake. Seneti ilikuwa imeitwa kikao maalumu kuamua kama McCarthy apewe karipio rasmi. Kura ikapigwa tarehe 2 Desemba, 67 kwa 22, akakaripiwa. Kiti cha Hunt kilikuwa kimerudi kwa Mdemokrat siku tatu kabla.

Kiti chenyewe hakikutulia. O'Mahoney, akiwa amedhoofishwa na kiharusi, aliamua kutogombea mwaka 1960. Aliyekishinda Novemba hiyo alikuwa Keith Thomson, yule yule aliyechaguliwa kwenda Baraza la Wawakilishi mwaka 1954. Thomson alifariki tarehe 9 Desemba 1960, kabla hajaapishwa. Gavana wa wakati huo, J. J. Hickey, Mdemokrat, akajiuzulu ugavana. Katibu wa Jimbo, Jack Gage, akawa kaimu gavana, na kazi yake ya kwanza kubwa ikawa kumteua Hickey kwenda Seneti. Safari hii watu wa Wyoming walikumbuka: uchaguzi wa 1962 ulipofika waliwaangusha wote wawili, na kiti cha Hunt wakampa Milward Simpson.

Farasi amebaki kwenye namba za magari.